Ufunguo wa Pili

Nyumba njema si mlango. Nilijua.
Hata hivyo niliupenda mlango kwanza:
kijani kilichobabuka, kitasa cha shaba,
namba 417, ile saba imelala ubavu.
Duluth, mtaa unaopanda kilima
mpaka ziwa zima likaonekana chini
kama bamba la chuma.

Orofa mbili, milango miwili, mita mbili za umeme.
"Wewe kaa chini," alisema dalali, Bi. Sandvik,
"wa juu atakulipia mkopo."
Alisema kama mtu anayeagiza kahawa.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mpangaji.
Neno lenyewe lina mzaha: anayepanga nani?
Nilipanga vyumba vya watu,
nikapanga sahani zangu kwenye kabati za watu,
na kila tarehe mosi nikampelekea Orville Strand hundi
naye akapanga siku ya kuziba bomba.
Bomba linavuja hadi leo.

Mkaguzi alikuja Septemba, na tochi na buti.
Akatambaa chini ya sakafu,
akatoka na utando wa buibui kwenye ndevu
na kurasa kumi na nne.
Paa: miaka mitano, labda sita.
Ngazi ya nyuma: hatari.
Boila: limezeeka, bado linapumua.
Nilizisoma kama barua ya mchumba,
nikiruka penye ubaya.

Malipo ya kwanza yalitoka kwenye zamu za usiku,
mashuka ya hospitali, tani na tani,
na gari ambalo sikununua,
na dola elfu tatu za shangazi Eila
zilizonuka unga wa shayiri, kwa kuwa alizificha humo.
Benki ikanipa kalamu. Sahihi thelathini na moja.
Kufika ya ishirini
jina langu lilikuwa la mtu mwingine.

Saba walikuja kuangalia orofa ya juu.
Mmoja alipima madirisha kwa mkanda.
Mmoja alikuwa na mbwa watatu, akasema mmoja.
Nikamchagua Delphine Beaulieu na mwanawe,
kwa sababu alifungua bomba la maji moto
akaweka mkono chini yake
akangoja, akihesabu kimoyomoyo.
Nami kila nyumba niliyopanga nilianza hivyo.

Daftari, jikoni, penseli:
kodi, mia tisa hamsini.
Mkopo, mia sita arobaini.
Bima, ushuru wa jiji, maji: mia mbili tisini na tisa.
Imebaki kumi na moja.
Dola kumi na moja! Nikacheka peke yangu,
tajiri mwenye soksi zilizotoboka.

Januari, saa tisa usiku, simu.
"Huku juu kuna baridi," alisema Delphine, polepole,
kwa sauti ya mtu aliyezoea kutosikilizwa.
Naijua sauti hiyo. Niliitumia miaka kumi na tisa.
Na mimi, nusu usingizini, nikaanza kutafuta
namba ya mwenye nyumba.

Boila lilikuwa limekata pumzi.
Nililipiga teke, nikaliomba radhi.
Fundi Gunderson: atakuja kukikucha,
elfu nne na mia mbili, kama hakuna zaidi.
Gawanya kwa kumi na moja:
miezi mia tatu themanini na miwili.
Usiku wa deni haukawii kucha, husemwa.
Ule ulikawia.

Nikabeba hita zangu mbili za umeme,
zote mbili, nikapanda ngazi ile ya nyuma, ile ya hatari,
ufunguo wa pili ukinigonga pajani.
Mkataba, ukurasa wa tatu, nimeuandika mwenyewe:
mwenye nyumba atapiga hodi.
Nikapiga. Nikangoja kwenye barafu yangu,
kwenye mbao zangu zilizolegea.

"Nani?" aliuliza mtoto.

Jibu halikuwa tayari.
"Mimi," nikasema. "Wa chini."